Kabla ya Kuiosha Sahani ya Kichina, Igeuze

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alirithi sahani ya Kichina ya buluu na nyeupe, akailaza usiku kucha kwenye jiki ili ing'ae. Sasa unga mweupe unatoka kwenye ufa na ukingo unabanduka. Imeniuma sana, maana kosa hili linaua vyombo vilivyovuka bahari salama.

Jiki hupenya kwenye ufa na kila mahali palipokosa glezi, ule utando wa kioo. Maji yakikauka chumvi hubaki ndani, hugeuka chembe ngumu, na chembe zikikua husukuma glezi kutoka chini. Ili chumvi itoke, tandika taulo kwenye beseni la plastiki, kilaze chombo ndani ya maji ya mvua, badilisha maji kila siku kwa wiki mbili tatu, kisha kikauke polepole kivulini. Kilichotoka baharini huhitaji miezi. Chombo kizima kinataka maji vuguvugu na tone la sabuni tu. Ila kama kiliwahi kuungwa kwa gundi usikiloweke kabisa, kitaachana mkononi.

Lakini kabla ya maji, igeuze. Ukweli wa sahani uko kwenye kikalio, ile duara ya chini isiyo na glezi. Tonesha tone moja la maji hapo. Likinywewa, huenda si kauri ya China; yaweza kuwa sahani ya udongo ya Ulaya, kama zile za mji wa Maastricht, Uholanzi, zilizojaa Zanzibar karne ya 19. Likibaki juu, endelea. Tazama glezi inapokomea: kwenye vyombo vingi vya karne ya 18 utaona mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, uliotokana na chuma kilichomo kwenye udongo. Waigaji hupaka kikalio kizima rangi ya kahawia. Kisugue kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikitoka, rudisha mali ya watu.

Kisha tafuta mikwaruzo. Ya matumizi huenda kila upande na hujaa katikati, chakula kinapokatwa. Ya msasa hulala upande mmoja, na huingia hata kwenye mabonde ambayo kisu hakifiki.

Sahani za kraak, yaani kauri ya China ya buluu na nyeupe iliyotengenezwa kuuzwa ng'ambo, nyingi za enzi ya mfalme Wanli (1573–1620), ni nyembamba na ukingo wake umegawanywa vyumba vyumba, kila kimoja na ua au alama ya heri. Chini zina mchanga ulionasa kwenye kikalio wakati wa kuchomwa, na mistari inayotawanyika kutoka katikati kama miale. Ukingo huonekana kama umetafunwa na wadudu, kwa sababu glezi na udongo havikusinyaa sawa tanuri lilipopoa. Usiuzibe wala usiupige msasa! Ndiyo hati yake.

Alama ya mfalme isikutie wazimu. Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, wa enzi ya Kangxi (1662–1722) waliandika jina la Chenghua, aliyetawala 1465–1487, kwa kuziheshimu kazi za kale, na vyombo vingi vya kuuzwa ng'ambo havikuandikwa kitu. Neno "China" kwa herufi za Kilatini ni la mwisho wa karne ya 19 au baadaye, Marekani ilipodai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka.

Ukiitundika, usitumie kishikio cha springi kinachobana. Waya huvuta ukingo muda wote na ufa mdogo hukimbia. Mahali pake pa asili hapa pwani ni kidaka cha ukutani, iegemee nyuma, na kitambaa chini ya kikalio.

Na mnunuzi, mgongo wa bakuli utazame vizuri. Nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, zilipambwa kwa vyombo hivi, vikang'olewa, yakabaki mashimo. Ukikuta chokaa ya ujenzi imeganda nyuma, chombo hicho kilikuwa juu ya kaburi la mtu. Usikinunue hata kwa bei ya bure. Peleka habari makumbusho.