Dawa ya "kuongeza kinga" inaweza kuchukua nafasi ya ARV?

Swali: Mama Dokta, mdogo wangu anakunywa ARV, dawa za sida, ni miaka sasa. Juzi huku Kadutu mutu alimuuzia sirop moja, dola 40 kachupa kamoja, eti inaongeza kinga, na CD4, zile seli za kinga, zikishapanda aachane na vile vidonge. Mdogo wangu anasema hata bazungu banatafuta kuponya sida kwa njia ya kinga, aliona kwa telefone. Iko kweli ao banamudanganya?
*Mama wa Kadutu, Bukavu*

Jibu: Mama, hizo dola 40 zisahau, tuangalie mgonjwa. Utafiti wa kinga upo kweli, hapo hakudanganywa, ila huyo muuzaji amechukua nusu ya habari. Sisi wenyewe tulishashangilia MM1, dawa ya sida ya Profesa Lurhuma wa kwetu na Ahmed Shafik wa Misri mwaka 1987, na jina likatoka kwa marais Mobutu na Mubarak (hata virusi vilitakiwa viogope, nadhani), na 1990 Wakenya nao wakaja na Kemron, ambayo ni interferoni (protini ya kinga) kidogo ya kuyeyusha mdomoni, halafu walipoijaribu vizuri haikusaidia kitu.

Sasa hiyo ya CD4 njo muhimu. Kuna interlukini-2, protini nyingine ya kinga, hiyo kweli inapandisha CD4, walijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 5,000 wanaokunywa ARV na majibu yakatoka 2009: CD4 zilipanda lakini kuugua na kufa vikabaki vilevile na wale waliokunywa ARV peke yake. Kwa hiyo namba kupanda kwenye karatasi ya labo haimaanishi mtu amepona, virusi vinajificha ndani ya hizohizo CD4, vimelala, na ukiacha vidonge kwa wengi vinarudi ndani ya wiki chache tu.

Kuna mgonjwa mmoja, Timothy Ray Brown, yeye alipona sida, ndiyo, lakini alikuwa na kansa ya damu na kule Berlin 2007 walimpandikizia uboho wa mtu ambaye seli zake hazina mlango wa CCR5 ambao virusi vinapitia. Hiyo haiuzwi kwa chupa. Kingamwili za kuchoma sindano nazo zinajaribiwa, chini ya daktari.

ARV anapewa bure, aendelee nazo. Kama ameshaacha asingoje randevu, aende kituoni leo aseme ni siku ngapi hajakunywa, waombe kipimo cha wingi wa virusi, na abebe hiyo chupa waione maana kuna mitishamba inayopunguza nguvu ya ARV.