Baiskeli ya kulalia inaniangusha kila nikiinua miguu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeachiwa baiskeli ya kulalia, ile unayoiendesha umeegemea kiti, na mzungu aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Gurudumu la mbele ni la inchi 20, la nyuma 26, pedeli ziko mbele kabisa na usukani uko juu ya mapaja. Baiskeli ya kawaida naiendesha tangu utotoni, lakini hii nikiinua tu miguu yote miwili inayumba na kuniangusha, na mabega yanauma. Fundi wa mtaani anasema fremu imepinda, anataka kuichomelea. Nimruhusu? Majirani nao wanacheka eti hiyo ni ya wagonjwa. — Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mwambie fundi wako aweke mashine yake pembeni. Fremu nyingi za namna hiyo ni za alumini au chuma chembamba, na moto usio na sababu unazidhoofisha. Hakikisha mwenyewe kwanza: simama nyuma ya baiskeli, ishike kiti, isukume ikiwa wima kwenye lami tambarare. Ikienda moja kwa moja bila kuvutia upande, fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele havina tatizo la kukuangusha.

Kisha inyanyue mbele hadi gurudumu liache ardhi, uilaze kidogo upande mmoja. Usukani unatakiwa uanguke wenyewe kuelekea upande huo. Ukigoma, au ukienda kwa kukwamakwama, gololi za shingo ya usukani zimekazwa kupita kiasi au zimeliwa na kutu. Hewa ya chumvi ya hapa Dar haina huruma, hasa kwa baiskeli iliyokaa bila kuguswa. Hilo peke yake linatosha kumyumbisha hata mwendeshaji mzoefu, na dawa yake ni spana na grisi.

Hayo yakiwa sawa, basi kinachokuangusha ni uzoefu wako wa baiskeli ya kawaida. Kule unajiweka sawa kwa kiuno na kiwiliwili bila kujua. Huku mgongo umeshikwa na kiti, kwa hiyo kazi karibu yote inabaki kwa usukani, na usukani wa gurudumu dogo ni mwepesi sana. Tena wewe mwenyewe uko chini, karibu na ardhi. Jaribu kusimamisha mpini wa fagio kwenye kiganja, halafu penseli: kifupi huanguka haraka zaidi. Marekebisho yako yawe madogo na ya mapema, na hayawezi kuwa madogo ikiwa umeukamata usukani kwa nguvu. Maumivu ya mabega ndiyo ushahidi. Ukiogopa unanyanyua kichwa na mgongo kutoka kwenye kiti, unajivuta kwa mikono, na kila mvuto unaigeuza baiskeli.

Kwa hiyo usianze na pedeli. Tafuta lami yenye mteremko mdogo sana. Huko Sinza uko jirani na Mlimani, na barabara za ndani ya chuo Jumapili alfajiri zinafaa, mradi uchague mteremko mpole na uelewane na walinzi. Inua kiti kiwe wima kadiri kinavyoruhusu. Egemea, lainisha viwiko, shika usukani kwa vidole tu, tazama mbali mbele badala ya gurudumu. Achia breki ushuke miguu ikiwa hewani karibu na ardhi, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Rudia mpaka uweze kwenda ulikokusudia bila kuwazia mikono. Ndipo uweke mguu mmoja kwenye pedeli bila kuzungusha, halafu wote wawili. Wengi hulazimisha kukanyaga siku ya kwanza, na ndio wanaochubuka viwiko.

Kuondoka penye tambarare kuna utaratibu wake. Weka gia nyepesi kabla hujasimama, maana ukishasimama haibadiliki. Shika breki zote, weka mguu wenye nguvu kwenye pedeli iliyo juu, imeinamia kidogo upande wako. Achia breki na usukume kwa mara moja, mgongo ukikandamiza kiti. Mguu wa pili unafuata papo hapo. Ukiondoka polepole kwa woga utaanguka, kwa sababu usawa unakuja na mwendo.

Kabla ya hapo pima umbali wa pedeli. Kaa mgongo ukigusa kiti chote, weka kisigino kwenye pedeli iliyo mbali zaidi: goti linyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litapinda kidogo. Pedeli zikiwa mbali mno nyonga zitacheza na baiskeli itayumba nazo, zikiwa karibu mno magoti yatakuuma. Kumbuka ukisogeza mbele bomba linaloshika pedeli kwa sentimita 2.5, cheni inahitaji kama sentimita 5, yaani jozi mbili za pingili. Cheni ya baiskeli hiyo huwa ni zaidi ya mbili za kawaida zilizoungwa, kwa hiyo usishangae bei.

Jambo moja litakushtua: ukikata kona kali kwa mwendo mdogo, kisigino kinaweza kugonga gurudumu la mbele. Kaa kitini baiskeli ikiwa imesimama, geuza usukani, zungusha pedeli taratibu uone kinapogusa. Konani acha kukanyaga, mguu wa upande unaogeukia ukae mbali na tairi.

Barabarani usiharakie. Huwezi kusimama kwenye pedeli, hivyo shimo na tuta vyote vinaingia mgongoni, na mlima unaupanda kwa gia nyepesi na miguu ya haraka, si kwa uzito wa mwili. Mchanga unaobaki kwenye makutano baada ya mvua huteleza gurudumu dogo bila onyo. Fimbo ndefu yenye bendera na kioo cha kulia si mapambo, kwani dereva wa daladala anatazama juu ya kichwa chako. Njia za baiskeli kandokando ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, zingekufaa sana kama bodaboda na meza za biashara zingezipisha.

Majirani waambie hivi: mwaka 1933 jijini Paris, Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa nyota wa mbio, aliendesha ya namna hiyo iliyotengenezwa na Charles Mochet, akamaliza kilomita 45.055 kwa saa moja na kuivunja rekodi iliyodumu tangu 1914. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la baiskeli likazitoa kwenye mashindano yake. Ziliondolewa kwa kuwa na mbio mno.

Kuhusu tairi la mbele, soma namba ubavuni kabla ya kwenda Kariakoo. Inchi 20 ziko hasa za aina mbili: 406, ambayo ni ya BMX na baiskeli nyingi za watoto, inapatikana kirahisi. 451 ni kubwa zaidi kwa kipenyo na haiingiliani na hiyo hata kwa nyundo. Nenda na tairi la zamani mkononi, na ukiipata 451 nunua mbili.