Maswali yenu: Nna laki sita, nataka kamera ya kuchukulia video chini ya maji

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mie ni kijana wa Nungwi, nna leseni ya uzamiaji ya Advance na saivi najifunza udaivu masta, yaani kuongoza wazamiaji. Wageni wakishapanda tu boti swali lao ni moja, "utatupigia video?", na mie mikono mitupu, naangalia wenzangu wanavyopata chochote kitu kila siku. Nimejibana nimefikisha laki sita. Kuna jamaa Darajani anauza kamera mpya kabisa kwenye boksi, imeandikwa 4K, haiingii maji, mita 30, anataka laki na nusu tu. Kaka yangu nae ananambia nisijisumbue, nitie simu yangu kwenye ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni nishuke nayo. Nishike lipi? (Mzamiaji, Nungwi)

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Tuanze na kaka yako tummalize mapema. Ule mfuko ni wa kukinga simu na maji ya kurukia kwenye boti, basi. Ukifika mita 10 presha ishakuwa mara mbili ya huku juu, plastiki inabanwa inagandana na kioo cha simu, hapo hata ubonyeze vipi haisikii, na mfuko ukitoboka mahali padogo tu imekwenda. Na usije ukaniambia simu yako yenyewe haiingii maji. iPhone za kuanzia 12 kampuni yenyewe inasema mita 6 kwa nusu saa, wewe unashuka mara tatu ya hapo na unakaa dakika arobaini na ushee.

Haya jamaa wa Darajani. Sisemi ni mwizi, ila soma boksi vizuri. Ile mita 30 ni ya kava, lile boksi gumu la kuzamia linalofunika kamera, sio ya kamera, kamera yenyewe ukiitoa kwenye kava haiwezi hata maji ya ndoo. Mgeni wa Open Water, ile leseni ya mwanzo, mwisho wake mita 18, hapo utapona, lakini wa Advance anakwenda mita 30, yaani utakuwa unafanyia kazi pale pale kwenye mwisho wa kava kila siku na mpira wake wa kuzibia maji unazidi kuchakaa. Halafu hiyo 4K, yaani video yenye picha kali, kwenye kamera nyingi za bei hiyo ni picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa, na hazina kitu cha kutuliza mtikisiko, sasa fikiria mkondo wa kisiwa cha Mnemba siku za bamvua, mgeni ataangalia video yake atapata kichefuchefu upya. Ya kuchezea sawa, ya kuuzia watu hapana.

Ningekuwa mie na laki sita yako ningetafuta GoPro Hero7 Black ya mtumba, ile ya 2018. Inatuliza video vizuri, betri inatoka, na kava lake la kuzamia linakwenda mita 60. Ila fungua macho kwenye hilo neno Black, kuna Hero7 White na Silver zinafanana nayo ukiangalia haraka haraka, zile betri yake haitoki na kava la Black haliziingii, na wauzaji wengine wanaziita zote "Hero seven" tu. Ukiweza kuongeza pesa baadae basi DJI Osmo Action 4, yenyewe bila kava imeandikwa mita 18, kwenye kava 60. Lakini sikiliza, hizo mita za bila kava, iwe 10 ya GoPro au 18 ya DJI, ni za kamera mpya yenye mlango wa betri usiochoka. Kwenye mtumba hujui mlango umefunguliwa mara ngapi na mikono gani, kwahiyo ukibeba mtungi wa hewa wewe kava lazima, hata kwa mita 8.

Pesa yote isiende kwenye kamera. Mie ningetoa kama nusu, inayobaki ni kava, betri mbili za ziada, mshikio, filta nyekundu na memori kadi ya maana iliyoandikwa V30, alama ya kasi ya kurekodi video. Ukirekodi kwa megabiti 60 kwa sekunde saa nzima inakula kama GB 27, kwahiyo GB 64 inakutosha daivu mbili na chenji. Kadi feki ni nyingi mno, ukinunua ijaze video mpaka pomoni kisha jaribu kuifungua ile ya mwisho kabisa, ikigoma irudishe siku hiyo hiyo.

Sasa kava, maana hapa ndo watu wanapolilia. Daivu ya kwanza usitie kamera ndani. Tia kipande cha tishu, funga, shuka nalo mpaka huko huko unakokwendaga, ukirudi angalia. Tishu kavu, kesho tia kamera. Na kila ukifunga pitisha kidole kwenye ule mpira wa kuzibia taratibu kama unatafuta mwiba, mie kamera yangu ya kwanza iliuliwa na unywele mmoja. Mmoja! Umelala kwenye mpira siuoni, mita 14 naona kimstari cha maji kinapanda kwenye kioo na mie nna wageni wanne siwezi kukimbilia juu. Usipake vaselini wala mafuta ya nazi, mpira ukiwa msafi unatosha.

Ukungu je? Kamera inapata moto, maji nje yanapoza kioo, unyevu uliofungia ndani unageuka matone. Kwahiyo funga kava asubuhi kwenye chumba kikavu, chenye AC ikiwezekana, sio pale kwenye boti jasho linakutiririka. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi za viatu tia kimoja ndani kikienea, vinafyonza unyevu vizuri tu.

Rangi nayo. Nyekundu ndo ya kwanza kufa, ukipita mita 5 inaanza kufifia na kwenye 10 karibu haipo, ndo maana video za wengi ni buluu tupu kama zimechovywa wino. Filta nyekundu inasaidia kuanzia kama mita 5 mpaka 20 siku yenye jua, usiku au ukiwasha tochi itoe maana itafanya kila kitu chekundu. Tochi nzuri ni ghali, kwa sasa achana nazo.

Na sogea karibu. Maji yanakudanganya, kitu unakiona kipo karibu kwa robo kuliko kilivyo, na lenzi ya kamera hizi ni pana inakirudisha nyuma tena, kasa aliye umbali wa mita 3 kwenye video anatoka kama biskuti. Usimfukuze lakini, tulia kwenye njia yake, akikuzoea anapita mwenyewe mbele ya pua.

La mwisho, na hili nakwambia kama kaka: ongea na senta yako ya kuzamia kabla hujanunua. Senta nyingine video ni biashara yao, utakuta umenunua kamera na ruhusa huna. Na wakati unaongoza wageni kamera iwe imening'inia, unarekodi ukishaona geji za hewa za watu wote.

SWALI: Mimi niko Kilindoni, Mafia, napeleka wageni kuogelea na papa potwe, hatutumii mtungi, ni miwani na mapezi tu. Na mimi ninunue kava la mita 60? (Dada wa boti)

JIBU: Hapana dada, hiyo pesa irudishe mfukoni. Papa potwe msimu huu wa Oktoba mpaka Februari mnamkuta juu juu, kamera ya mita 10 bila kava inakutosha. Wewe nunua mshikio unaoelea, wa rangi ya njano au chungwa, kwasababu kamera ikikuponyoka pale haisubiri. Rekodi ukiwa ubavuni mwake, usimkate mbele wala usimguse. Mkirudi iloweke kwenye ndoo ya maji ya bomba nusu saa, ifute, ikauke kabisa, ndo ufungue mlango wa betri.