Kabla hujakaa kwenye cherehani ya kiwanda

Mabinti ninaowafundisha kushona hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza kiwanda gani cha nguo za kuuzwa nje kinalipa vizuri. Nawaambia waanze kutazama mlango wa dharura. Nilikokuwa nikishona, mlango huo ulizibwa na marobota ya vitambaa mpaka siku wakaguzi wa mnunuzi wanapotarajiwa. Asubuhi hiyo marobota yanahamishwa, tunagawiwa barakoa, kinga za sindano zinafungwa kwenye mashine. Jioni kila kitu kinarudi stoo.

Ndiyo maana cheti cha ukutani kisikutulize. Kule Karachi, Pakistan, kiwanda cha Ali Enterprises kilipewa cheti cha SA8000, cha kuthibitisha hali nzuri za kazi, Agosti 2012. Tarehe 11 Septemba kikaungua, wakafa watu zaidi ya 250, madirisha yana nondo na milango imefungwa. Mnunuzi wake mkuu alikuwa KiK, kampuni ya nguo ya Ujerumani. Inaniuma hadi leo, maana mlango unakaguliwa kwa kuusukuma tu.

Kinachokulinda ni daftari lako mwenyewe. Kila siku andika saa ya kuingia, ya kutoka, na msimamizi aliyekubakiza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu: mkubaliane, isipite saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Ukibaki saa mbili, dai malipo ya saa tatu. Kwetu iliitwa "kumalizia lengo", na kwenye hati ya mshahara haikuonekana kabisa. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ifuatilie mwenyewe; kukatwa si kupelekwa.

Wanunuzi nao wana lao. Anayebana bei kisha akabadilisha oda meli ikikaribia ndiye anayetukesheza, hata akituma wakaguzi kumi.

Usidai peke yako. Jiungeni na chama cha wafanyakazi, TUICO wa viwanda na biashara wapo, mpeleke madaftari pamoja. Msimamizi hawezi kuwaita wote waongo. Ukiachishwa kazi, una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine siku 60. Usizimalizie nyumbani ukingoja simu ya ofisi.