DSC kwa punje za plastiki na kwa vidonge: usitumie programu moja ya kupasha joto

Mkuu uliyeko Moshi, umeuliza mawili: kama DSC, mashine inayopima joto ambalo sampuli inameza au kutoa inapopashwa, inaweza kukuonyesha kwamba punje ulizouziwa kwa jina la HDPE (polithini ngumu) ni HDPE kweli, na kama mashine hiyohiyo inakamata parasetamoli feki. La kwanza, ndiyo, kwa sehemu kubwa. La pili, si kwa namna unayofikiria. Naitumia mashine hii kazini hapa Arusha, kwa hiyo najibu kwa ninayoyaona.

Kwa wasioijua: ndani kuna visahani viwili vya alumini, kimoja kina sampuli, kingine kitupu. Ni kama kubandika sufuria mbili kwenye majiko mawili, moja ina kitu na nyingine haina, unataka zipande joto sawasawa, halafu unahesabu mkaa uliozidi. Sampuli ikiyeyuka inameza joto, na grafu inatoa kilele. Watson na O'Neill wa Perkin-Elmer, Marekani, ndio walioibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Punje kwanza. Miligramu 5 hadi 10 zinatosha, ila punje moja haisemei gunia zima; chota juu, katikati na chini. Pitisha nitrojeni, pandisha nyuzi 10 kwa dakika, poza, kisha pandisha tena. Mpando wa kwanza unabeba historia ya kiwandani, jinsi plastiki ilivyopozwa na kuvutwa. Wa pili ndio wa kulinganishia.

Wengi wakisikia HDPE wanasimamisha mpando kwenye nyuzi 200. Kwa mali iliyorejelezwa mimi naenda hadi 280. HDPE inayeyuka karibu na 130 hadi 135, na kilele kingine kwenye 160 hivi ni polipropilini. Lakini PET ya chupa za maji inasubiri hadi 250 na kitu, na ukisimama 200 hutaijua kamwe mpaka ikuzibie mashine ya kutengenezea mabomba. Bega, yaani kijivimbe ubavuni mwa kilele, la karibu na 110 ni mifuko laini, LDPE. Anayesumbua ni LLDPE, aina nyingine ya polithini, maana anaweza kujificha ndani ya kilele cha HDPE, na hapo DSC peke yake haitoshi.

Angalia pia ukubwa wa kilele. Polithini yenye fuwele asilimia 100 inahesabiwa kuwa inachukua jouli 293 kwa gramu. Ukipata kidogo kuliko ilivyo kawaida kwa HDPE, usikimbilie kusema plastiki ni mbovu. Huenda wamechanganya chaki, ambayo haiyeyuki kwenye joto hilo lakini inaongeza uzito. Choma sampuli, pima majivu.

Vidonge vinageuza utaratibu: hapa mpando wa kwanza ndio wenye habari. Parasetamoli ya kawaida inayeyuka karibu na nyuzi 170. Ukiiyeyusha na kuipoza haraka inaganda kama kioo, na ukiipandisha tena inaweza kujenga fuwele za umbo jingine zinazoyeyuka karibu na 157. Mtu anayetazama mpando wa pili tu atapiga kelele kwamba dawa ni feki! Halafu viambato vingine vya kidonge vinaweza kushusha na kupanua kilele. Na kidonge chenye nusu ya dozi bado kinaweza kutoa kilele palepale. Kipimo cha kiasi cha dawa ni HPLC, mashine inayotenganisha viambato na kupima kila kimoja. Kama una shaka na dawa, ipeleke TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya kanda hapa Arusha.

Jambo la huku kwetu milimani: maji kwenye kisahani kilichotobolewa yatachemka karibu na 95, si 100, kwa sababu Arusha iko juu, mita 1,400 hivi. Mashine haijaharibika. Ikague kwa indiamu, metali ambayo inayeyuka nyuzi 156.6 uwe Arusha au Tanga.

Ukipeleka sampuli maabara yoyote, peleka pia punje chache za HDPE mpya, daraja lilelile unalodai kuuziwa. Bila hizo utaletewa grafu nzuri usiyo na cha kuilinganisha nayo.