Babangu ni nahodha, kidude cha shingoni hakitachomoka?

SWALI: Shikamoo dokta, babangu ni nahodha wa jahazi hapa Shela, ameambiwa atolewe diski ya shingo, kile kijimto kati ya pingili (mifupa ya shingo), awekewe kidude mahali pake, sasa akivuta tanga si kitachomoka?

JIBU: Marahaba mwanangu, hofu yako naielewa kabisa. Hicho kidude upana wake ni kama ukucha wa dole gumba, juu na chini kina meno meno ya kung'ata mfupa, mbele kimeinuka kuliko nyuma ili shingo ibaki na mpindo wake, na katikati kina tundu, humo ndo hujazwa vipande vya mfupa mpaka pingili zote mbili zishikane ziwe kitu kimoja. Ila kushikana huko ni miezi, kwa hiyo tanga asiguse kabisa mpaka daktari wake aone eksirei.