"A" ikiachwa, maana inageuka

SWALI: Mhariri, katika barua ya Kiingereza niliandika "few people came" nikimaanisha watu kadhaa walifika. Mwalimu amesema inasomeka kama lalamiko. Nimekosea wapi? Na je, "in prison" na "in the prison" ni kitu kimoja?

JIBU: Umeiacha "a". "A few people came" ina maana watu kadhaa walikuja, na msemaji hana kinyongo. Ukiiondoa "a", waliokuja ni wachache mno kuliko ilivyotarajiwa. Idadi inaweza kuwa ileile, hata watu watano. Kilichobadilika ni jinsi msemaji anavyoiona. Kwa visivyohesabika kanuni ni hiyohiyo: "we have a little time", bado tunaweza kumaliza, "we have little time", tuharakishe. Jihadhari zaidi na maneno yanayotangulia, maana hapo ndipo wengi huteleza: "only a few" hurudi kwenye uchache ingawa "a" ipo, na "quite a few" ni wengi kabisa.

Kuhusu gereza, "he is in prison" ni mfungwa. "He is in the prison" yumo ndani ya jengo tu, pengine fundi au mgeni. "School" na "church" hufuata mkondo huo. "Hospital" ndiyo yenye utata: kwa mgonjwa aliyelazwa Waingereza husema "in hospital", Wamarekani "in the hospital". Wote wako sahihi, ila usichanganye mitindo miwili katika barua moja.